Laini ya Kabiria Iko Juu

Kliniki, Kabiria
Jumatatu, 3 Mei 2004

Shemeji Nashon,

Salamu kutoka huku kwenye matope. Kivuva amefika kuchukua sampuli, pikipiki yake imekuwa nyekundu hadi kwenye taa, na kabla hajavua helmeti akauliza kama kuna barua ya Ngara. Tangu mliposema majibu ya maabara hayatakuja tena kwa karatasi bali kwa kompyuta, mkoba wake hurudi huku mtupu, na mimi sipendi kuona mkoba mtupu. Ngoja niujaze. Na usiniambie nipige simu. Waya za simu ya kliniki zilikatwa na wezi, nayo yangu ya mkono iliondoka na kijana mmoja pale Kawangware aliyenizidi mbio.

Hiyo kompyuta yenu imenichosha. Stima ikipotea kidogo tu, laini ya kwenda kwenu Ngara inakufa, na ikirudi Cate wa mapokezi anakaa mbele yake nusu saa akiibembeleza. Wewe ndiye fundi wa mtandao, na umemwoa mdogo wangu, kwa hivyo nina haki ya kukusumbua mara mbili.

Unajua utaratibu wetu. Majibu mabaya huja kwa laini siku hiyo hiyo, mazuri hungoja yaletwe kwa pamoja mwisho wa mwezi. Kwa hivyo sisi huku tukinyamaziwa tunamshukuru Mungu. Lakini kimya cha laini mbovu nitakitofautishaje na kimya cha heri?

Nauliza kwa sababu leo kwenye boksi la barafu kuna damu ya mama mmoja anaitwa Syokau. Ana mimba ya miezi saba na damu yake ni kundi hasi. Watoto wawili waliotangulia walimfia tumboni, kwa maana damu ya mama ilijifunza kupigana na damu ya mtoto. Kipimo hiki kitasema kama vita vimeanza tena. Vikiwa vimeanza, lazima afike hospitali kuu upesi, mtoto atolewe mapema akiwa bado yu hai. Nitengenezee laini, tafadhali.

Msalimie Veronicah. Mwambie sijamtupa, ni kazi tu.

Shemeji yako,
Naliaka


Maabara, Ngara
Jumatano, 5 Mei 2004

Shemeji Naliaka,

Kivuva amenipa barua yako ikiwa na harufu ya petroli na spiriti, nikajua kweli imetoka kwako. Nina habari njema, lakini kwanza nikueleze ugonjwa, maana nyinyi watu wa kliniki hupenda kujua mgonjwa alikuwa na nini.

Hapa kwetu kuna mashine moja tunayoiita lango. Kila kliniki imeunganishwa na lango hilo kwa njia ya chini kwa chini, inayopita ndani ya mtandao huu wa watu wote bila wao kuona kilichomo. Sisi tunaiita handaki. Kila baada ya muda mfupi lango huuliza handaki la kila kliniki, “Upo?” Likikosa jibu, linatangazia makao makuu na kliniki zote: Kabiria haipatikani, msitume kitu huko. Stima yenu ikirudi linatangaza tena: Kabiria imerudi. Sasa nyinyi mnapotea na kurudi kutwa nzima. Kila tangazo likitoka, mashine zote zinaanza kupanga njia zao upya, na zikiwa zinapanga hakuna kinachokwenda. Wahasibu wa makao makuu kule Kileleshwa wanabaki wakitazamana.

Jumatatu bwana Mungai, mkubwa wetu, alipanda hadi chumbani kwangu. Hakuketi. “Nashon, hii Kabiria yako inatuangusha wote. Ama iwe up, ifanye kazi, ama uitoe kabisa.”

Sikutaka mtolewe. Basi nimeliambia lango liache kuuliza. Njia ya Kabiria nimeipigilia msumari kwa mkono wangu. Stima iwe au isiwe, lango linawaambia wote kwamba Kabiria ipo, na mkipotea kidogo mkirudi hakuna anayejua. Tangu jana kuna utulivu hapa ambao sijauona tangu mwaka uanze. Kwenye skrini yangu, mbele ya jina lenu, kuna taa ya kijani. Laini ya Kabiria iko juu.

Veronicah anasema hujaja kula kwetu Jumapili nyingi. Anauliza kama siku hizi ugali wetu una mawe.

Wako,
Nashon


Kliniki, Kabiria
Jumatatu, 10 Mei 2004

Shemeji,

Umebarikiwa. Wiki nzima kompyuta haijamlilia Cate, na hatujapata jibu baya hata moja. Tunatembea kwa madaha.

Wiki iliyopita vijana wa kampuni ya mtandao walipanda juu ya paa, wakashusha kile kisanduku cha zamani wakafunga kipya. Walikanyaga mabati hadi kina mama wa chanjo wakatoka nje na watoto wao. Cate aliwapa chai. Walisema kila kitu kiko sawa, na kweli taa ya huku pia ni ya kijani.

Sasa yule Syokau. Damu yake iliondoka Jumatatu iliyopita na mpaka leo sijasikia kitu. Kwa utaratibu wetu hiyo ni heri. Lakini mama mwenyewe hatulii, na mimi nimeshindwa kumtuliza. Maabara iko chini yako ngazi moja tu. Si ushuke uulize? Neno moja linatosha, kingamwili zinazopigana na damu ya mtoto zimepanda au hazijapanda. Liandike nyuma ya bahasha.

Kuhusu Jumapili, niombee msamaha. Mvua hii imeleta wagonjwa wengi na miguu yangu imevimba. Nikipata nafasi nitakuja kula hayo mawe.

Naliaka


Maabara, Ngara
Jumatano, 12 Mei 2004

Shemeji,

Hao vijana wa paa wana miguu ya tembo. Wakitoboa bati, mdai Mungai.

Kuhusu kushuka ngazi, uniwie radhi. Unakumbuka mwaka jana majibu ya akina Wanjira wawili yalivyobadilishana, kwa sababu mtu alisomewa kwa simu? Tangu siku hiyo majibu hayatoki maabara ila kwa laini, kwa jina na namba ya mgonjwa. Nami nimebanwa kuliko wengine. Fundi wa mtandao akitaka anaweza kuona kila kitu, kwa hivyo niliapishwa nisione chochote. Nikishuka kuuliza habari za mwanamke nisiyemjua, Mungai atataka kujua namjulia wapi.

Lakini nakuambia, na usiwe na shaka: laini iko juu. Nimetazama sasa hivi kabla ya kushika kalamu. Kama kungekuwa na neno baya, lingekuwa limeshafika mezani kwa Cate. Mwambie mama alale usingizi.

Wako,
Nashon


Kliniki, Kabiria
Jumatatu, 17 Mei 2004

Shemeji Nashon,

Nilimwambia alale, na siku mbili tatu alilala kweli, kwa sababu ya barua yako. Sasa hofu imemrudia, na mimi pia.

Sikiliza. Tumo katikati ya masika. Vyoo vya huku vimefurika hadi barabarani. Mwezi kama huu mwaka jana laini ilituletea taifodi karibu kila siku. Safari hii hakuna hata moja. Kabiria nzima imepona! Wewe unaweza kuamini, mimi nimeuguza watu wa hapa miaka mingi, siwezi.

Na huyu mama, nikueleze alivyo, labda utamwona. Hajanunua hata soksi ya mtoto. Mara ya pili alipopata mimba aliwaambia watu, na akina mama wa kanisa wakaja na flaski za chai kushangilia. Baada ya miezi mitatu wakaja wale wale, na flaski zile zile, kumpa pole. Aliketi kati yao akiwakaribisha sukari. Akaapa hatamwambia mtu tena mpaka awe amembeba mtoto mikononi. Jioni hulala kwa ubavu wa kushoto, mkono tumboni, akingoja mtoto apige teke. Akipiga, mama hucheka peke yake. Ana zaidi ya miaka arobaini. Hatapata mwingine baada ya huyu.

Utasema basi aende hospitali kuu bila kungoja majibu. Anaweza. Lakini kule watamlaza, watu watamwona, na habari itafika kila mahali kabla ya yeye kujua kama kuna shida. Barua yako ilimpa sababu ya kungoja. Nimekuwa nikingoja naye.

Nakuomba, si kama shemeji, kama ndugu. Shuka ngazi.

Naliaka


Maabara, Ngara
Jumatano, 19 Mei 2004

Shemeji Naliaka,

Barua yako imeniuma kidogo. Mimi sikufundishi kupiga sindano. Nimekuambia laini iko juu, nimekuambia mara tatu sasa, na bado unaniuliza kana kwamba nabahatisha. Ni kazi yangu hii. Taa ni ya kijani. Lango halijalalamika. Kileleshwa hawajalalamika. Ni wewe peke yako unayelalamika kwa sababu watu wako hawaugui!

Huyo mama namhurumia. Lakini kuna kina mama wa kujitia hofu, nawe una tabia ya kuwabeba wote mgongoni. Huyu usimbebe. Kama hana imani na sisi, mjini hakuna uhaba wa hospitali.

Kuna jambo jingine na nitalisema wazi. Veronicah alikuja Kabiria Jumamosi, kwa miguu kutoka stendi, katika matope yale, kukuona. Cate alimwambia upo, akaingia kukuita, akarudi akasema umetoka kwa mlango wa nyuma. Mdogo wako alilia mpaka akafika Ngara. Alinambia, “Dada anatuona sisi si watu siku hizi.” Tumekukosea nini?

Nashon


Kliniki, Kabiria
Ijumaa, 21 Mei 2004

Nashon,

Barua yako nimeipata, nitaijibu siku nyingine. Mtoto amepunguza kucheza tangu jana. Leo asubuhi alisogea kidogo, na tangu hapo hapana. Sisi hatungoji majibu tena, tunakwenda hospitali kuu sasa hivi, teksi iko mlangoni. Cate anabaki na funguo.

Mwambie Veronicah si hivyo anavyofikiri.

N.


Maabara, Ngara
Jumanne, 25 Mei 2004

Shemeji Naliaka,

Barua hii ni ya kukiri kosa. Isome yote kabla hujanilaani.

Jana Kivuva aliingia hapa kuleta sampuli za Kabiria, akawa anajisemea huku akikung'uta koti. “Kabiria hakuna stima tangu Jumapili. Transfoma ililipuka, pu! Leo Cate anaandika kwa mshumaa.” Mimi nikacheka, nikageuka kutazama skrini. Taa yenu ilikuwa ya kijani.

Kicheko kiliniishia. Kliniki haina stima, kompyuta imezimwa, kisanduku cha juu ya paa kimezimwa, na lango langu linaniambia laini iko juu. Iko juu kwa nani?

Ndipo nilipoona nilichofanya. Taa ile haijui habari zenu hata kidogo. Inasema tu kwamba mdomo wa handaki, huu wa huku Ngara, uko wazi. Huko nyuma lango lilikuwa likiuliza “Upo?”, na kwa kuuliza lilikuwa likijua. Mimi nikalikataza. Nikawa kama yule bawabu wa nyumba za kupangisha anayewaambia wageni mwenye nyumba yupo, na hajapanda ngazi kumtazama wiki nzima. Vijana wale walipofunga kisanduku kipya, anwani yenu ilibadilika. Uliniandikia habari zao, nikafanyia mzaha! Handaki langu likaendelea kuelekeza majibu yenu kwenye anwani ya zamani, ambako hakuna mtu. Na kwa kuwa lango lilikuwa likiapa kwamba mpo, hakuna mashine iliyoshtuka, hakuna aliyeniita.

Maabara walipobonyeza, kwao ilionekana majibu yametumwa. Kumbe yalikuwa yamerundikana kwenye mashine ya kutuma barua, inajaribu, inashindwa, inajaribu tena. Stima yenu imerudi leo mchana. Nimeandika anwani mpya, nimeng'oa msumari, lango linauliza tena. Yote yamekuja kwenu kwa mkupuo mmoja.

Na nimevunja kiapo changu. Nimesoma. Taifodi zako zimo, shemeji, zote. Na Syokau yumo. Kipimo chake kilitoka tarehe sita: kingamwili zimepanda sana, apelekwe hospitali kuu mara moja. Tarehe sita! Siku uliyosoma barua yangu ya kujisifu, huenda jibu lilikuwa limeshaandikwa.

Naogopa. Ijumaa uliandika mnakwenda. Naomba Mungu mliwahi. Mwambie huyo mama kwamba kuna mtu hapa Ngara aliyemkosea, na kwamba nitakuja kumwomba msamaha uso kwa uso, hata akinitemea mate. Niambie tu yu hai na mtoto wake yu hai.

Nashon


Maabara, Ngara
Jumatatu, 31 Mei 2004

Shemeji,

Hujajibu. Kivuva anasema uko likizo, Cate anasema hivyo hivyo, na nyumbani kwako Veronicah alikuta kufuli. Mungai amenihoji, nikamweleza yote bila kuficha. Sijui atanifanya nini, na sijali.

Nataka kujua habari za Syokau. Tafadhali. Hata neno moja.

Nashon


Kliniki, Kabiria
Jumatano, 2 Juni 2004

Nashon,

Nimerudi kazini leo na barua zako mbili zilikuwa mezani. Nakujibu.

Syokau wa barua zangu hayupo. Alikuwapo mmoja hapa mwaka juzi, akahamia kwao Machakos, namba yake ikabaki kwenye kompyuta. Niliichukua. Damu ilikuwa yangu. Niliitoa mwenyewe, nimefunga mlango, kamba ya kufungia mkono nimeishika kwa meno. Watu wa maabara yenu wanasali na mimi kanisa moja, na sikutaka jina langu lipite mikononi mwao. Mume wangu Bramwel peke yake ndiye aliyejua. Ndiyo maana sikuja Jumapili, na ndiyo maana nilimkimbia mdogo wangu kwa mlango wa nyuma. Koti la kazi lilikuwa linaficha tumbo kwa wagonjwa, lakini lisingemdanganya Veronicah.

Alikuwa msichana. Tulipofika Ijumaa ile, daktari alisikiliza tumbo kwa muda mrefu, halafu akamwita mwenzake naye asikilize. Mimi ni muuguzi. Walipoitana nilijua. Bramwel alikuja kutoka Webuye usiku huo akakuta nimeshajifungua. Tumemzika, sisi wawili na mchimba kaburi.

Nimejiuliza sana kama nikulaumu. Kama ningeandika Naliaka, ungeshuka ngazi ile. Ungeruka vidato viwili viwili, kiapo au hakuna kiapo, na mwanangu angekuwa leo kwenye kile chumba cha joto cha watoto njiti, mdogo kama kiganja, lakini akipumua. Hilo linanila. Nilificha jina langu, na kwa kulificha nikamnyima mtoto mtu wa kumkimbilia. Nilijua dalili zote. Angekuwa mgonjwa mwingine ningemfukuza hapa aende hospitali tangu wiki ya kwanza. Lakini kimya kilikuwa kitamu, Nashon. Kila ulipoandika “laini iko juu”, nilisoma “mtoto wako mzima”.

Halafu hasira hunijia. Kwa Naliaka ungeshuka. Kwa Syokau hukushuka. Mwanamke niliyekueleza habari zake, jinsi anavyolala, jinsi anavyocheka peke yake, ulimwita mama wa kujitia hofu. Hilo sijui nitalisamehe lini. Sitakudanganya kwamba nimelisamehe.

Sasa nikuambie kwa nini naandika haraka hivi. Majibu yalipoingia kwa mkupuo, mimi sikuwapo. Cate aliyasoma. Aliona maneno “apelekwe hospitali kuu mara moja” na jina la Syokau, na hakujua chochote. Alivaa gumboti akatoka kumtafuta. Amekwenda Riruta, amekwenda Kawangware, ameuliza kwa wenye plot za kupangisha, sokoni, makanisani. Kila siku baada ya kazi. Asubuhi hii nilipoingia nilitaka kumwambia aache, lakini alinipokea mlangoni akiwa na furaha kuliko nilivyowahi kumwona.

“Madam, nimempata! Nilikuwa nimeanza kukata tamaa. Anakaa huko nyuma ya posho mill. Nimemwambia asilale tena hapo, nimemleta.”

Nashon, ni Syokau mwingine. Ni msichana wa miaka ishirini hivi, ana mimba kubwa, ni ya kwanza. Hajawahi kupimwa hapa. Kwa bidii yake Cate amemsomea yote, kwamba damu yake inapigana na ya mtoto, kwamba tumechelewa, kwamba huenda mtoto amekwisha. Yuko kwenye benchi nje ya mlango wangu ninapoandika. Ameshika tumbo kwa mikono miwili na analia kwa sauti, na wagonjwa wote wanamsikiliza.

Inabidi nitoke nikamwambie mtoto wake hana neno. Hataamini. Atasema jina ni lake. Ataniuliza, kama majibu si yake, ni ya nani, naye Cate atakuwa amesimama pale, na benchi lote.

Naenda kumjibu.

Naliaka